Mtunza Ghala na Mafaili Thelathini na Saba

Siku aliyomwaga unga, Mtunza Ghala aliamriwa aiache kompyuta yake mezani, akabidhi kadi ya mlangoni, kisha asimame mbele ya wenzake kumi na tisa wakati barua ya kumfukuza ikisomwa kwa sauti. Barua ilisema kwamba kwa uzembe wake ameruhusu kitu kisichothibitishwa kuingia katika programu ya kampuni, na kwamba kwa sababu hiyo zahanati sita zilitoa majibu ya damu yasiyo sahihi kwa siku kumi na moja. Aliyeisoma barua hiyo ndiye aliyekiingiza kitu chenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, akiwa na akili zake timamu.

Watu kumi na tisa walisikiliza. Wasiopungua wanne walijua ukweli. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Taifa lolote lenye ofisi lina watu wa namna hii, na ni wao, si waovu wachache, wanaowafanya waovu walale usingizi mzuri.

Mwanamke huyu alikuwa ameitumikia kampuni miaka tisa. Kampuni ilitengeneza programu ya maabara: mashine hupiga picha tone la damu, programu huisoma picha ile na kuhesabu chembe zilizomo. Programu huandikwa kwa maandishi, mstari kwa mstari, na maandishi hayo, yaitwayo msimbo, huhifadhiwa katika ghala. Ghala hilo si chumba wala rafu. Ni kumbukumbu ndani ya kompyuta inayotunza kila badiliko: nani amelifanya, kwa kompyuta gani, saa ngapi, na ameeleza nini. Anayelichukua ghala hapewi hali ya leo peke yake. Hupewa siku zote, tangu ya kwanza.

Kwa maandishi, mpango huu haulemei. Taabu huletwa na mafaili ya namna nyingine: picha, pamoja na maktaba, yaani vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wa nje na kusagwa na kompyuta hata jicho la binadamu lisiweze kuvisoma. Faili lililosagwa likibadilishwa kidogo tu, ghala hulihifadhi upya, zima. Ukilifuta, linaondoka katika hali ya leo, lakini katika siku za nyuma limekaa palepale, na uzito wake uleule.

Kwa hiyo Mtunza Ghala aliweka sheria, naye aliisimamia bila kuangalia sura ya mtu. Faili lililosagwa haliingii ghalani. Litakaa katika stoo ya pembeni, na ghalani itaingia hati ndogo ya mistari minne: jina la faili, toleo lake, mahali lilikotoka, na alama yake ya utambulisho, ile tarakimu ndefu ambayo kompyuta huikokotoa kutokana na faili lenyewe na ambayo hubadilika faili likiguswa popote. Kila maktaba ya nje ilifungwa kwenye toleo moja, na toleo hilo halikubadilishwa kabla jipya halijapimwa kwa picha mia nne za damu ambazo majibu yake yalikuwa yanajulikana.

Aliyeichukia sheria hii kuliko wote alikuwa mkuu wa ufundi, ambaye wafanyakazi walimwita Nishamaliza, maana ukimuuliza jambo alikujibu kwa neno hilo kabla hujafika mwisho wa swali.

"Mama Stoo," alimwambia siku moja mbele ya watu, "hati zako hizi zinatuchelewesha. Mteja anataka kuona programu inakimbia. Hataki kuonyeshwa cheti cha kuzaliwa cha faili."

"Lisilo na cheti halilali kwangu, bosi."

"Haya, na likija na barua ya mjumbe je?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mtunza Ghala hakucheka. Alirudi kwenye kiti chake akaendelea kuandika hati.

Kisha ikatokea kwamba baba yake alipasuliwa jicho, naye akaomba ruhusa ya siku tatu kumuuguza. Siku ya pili ya ruhusa hiyo, Nishamaliza alipokea kwa rafiki yake maktaba ya kusomea picha, imebebwa ndani ya flashi isiyo na karatasi yoyote. Rafiki alisema ni ya kasi. Nishamaliza aliitia moja kwa moja ghalani, bila hati na bila kuipima, akaisambaza kwenye zahanati, wala hakumwambia Mtunza Ghala aliporudi. Kweli ilikuwa ya kasi. Lakini chembe ndogo za kugandisha damu zilipokuwa zimeshikana, maktaba ile ilizihesabu kuwa chembe nyeupe, na watu wasio na ugonjwa wakapewa dawa za ugonjwa. Malalamiko yalipomiminika, alilifuta lile faili, akarudisha la zamani, kisha akakaa kitako akaandika barua.

"Sikuwepo," Mtunza Ghala alimwambia Mwenyekiti wa kampuni.

Nishamaliza ndiye aliyejibu. "Mlango wa ghala ni wako, uwepo usiwepo."

Mwenyekiti, mzee wa suti asiyejua ghala linafunguliwaje, aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyefungua kumbukumbu. Kazi ya dakika mbili ilionekana nzito kuliko jina la mtu.

Miezi kumi na minne ikapita. Kila alikoomba kazi walipiga simu kule alikotoka, na baada ya simu hiyo hakuitwa tena. Akaishia katika duka la kupigia chapa, akipanga kurasa za ripoti za watu, katika chumba chenye mashine mbili za kunakili na feni inayolia. Hakulia yeye. Alikuwa na hasira, na aliitunza kama alivyotunza hati: aliijua tarehe yake, saa yake na mwenyewe. Wapo watakaosema angesamehe. Hao huwa ni wale ambao hawakusomewa barua wao.

Asubuhi moja aliingia dukani Mjaribu, yule mwanamke ambaye kazi yake katika kampuni ilikuwa kuipima programu kabla haijatoka. Zamani walikula meza moja.

"Dada, hujambo?"

"Sijambo. Leo umekuja kupiga chapa barua ya nani?"

"Usinianze, dada. Nimetumwa."

"Najua umetumwa. Kwa miguu yako mwenyewe ungekuwa umeshafika zamani."

Mjaribu alivuta stuli, akaeleza. Shirika linaloendesha zahanati lilikuwa linaichukua programu yote iwe mali yake, na lilitaka ghala zima pamoja na historia yake, kwa sababu programu inayogusa damu ya watu lazima ijulikane ilikotoka. Mkaguzi wa shirika angefika Alhamisi. Lakini ghala lilikuwa limevimba. Tangu Mtunza Ghala aondoke, Nishamaliza alikuwa akitia maktaba zilizosagwa kila zilipotoka, na kuzifuta, na kutia nyingine. Kulichukua ghala sasa kulichukua saa mbili, na njiani likakatika. Shirika lilisema halipokei mzigo huo.

"Tumefuta mafaili yote mazito," alisema Mjaribu. "Ghala halikupungua hata chembe. Tukafuta tena. Nishamaliza kasema labda kompyuta ina virusi."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi Mtunza Ghala alicheka, cheko kavu. "Mmefuta ya leo. Ya jana atayafuta nani?"

"Ndiyo hayo. Wa kukata historia bila kuivunja ni wewe tu."

"Na lile?"

"Lipi?"

"Usinifanye mtoto."

Mjaribu aliangalia sakafu. "Lipo, dada. Lipo na jina la Nishamaliza na saa yake. Anadhani alilifuta."

"Wewe ulijua."

"Nilijua. Nina watoto wawili, dada."

"Mimi nina baba mmoja. Habari zangu alisimuliwa na majirani, akiwa na bandeji jichoni."

Mjaribu aliirudisha stuli mahali pake, akatoka.

Alipobaki peke yake, Mtunza Ghala aliyaona mambo yote kwa mara moja, nayo yalimtia baridi. Ushahidi pekee wa usafi wake ulikuwa ndani ya historia ile. Kukata uzito ni kukata historia. Akikubali kazi, atalifuta kwa mkono wake faili linalomtetea, na jina la Nishamaliza litaondoka nalo. Akikataa, atatafutwa mwingine, fundi wa bei yoyote asiyejua lolote, na ushahidi utakwenda vilevile. Hadi Alhamisi zilibaki siku nne.

Jioni alimweleza baba yake. Mzee alikuwa karani wa masjala miaka thelathini na mbili, akitunza majalada ya serikali, na ustaafu haukumpunguzia ukali. Walikaa katika chumba chao cha mbele, kilichokuwa juu ya duka la vipuri, harufu ya grisi ikipanda kwa dirishani.

"Huyo bwana ndiye aliyekutoa kafara," alisema mzee.

"Ndiye, baba."

"Na sasa anataka umfulie nguo."

"Ndiyo, baba. Nisipomfulia mimi atamfulia mwingine."

"Ngoja kwanza. Majalada ya zamani yakijaza chumba, tulikuwa tunafanyaje?"

"Mnayateketeza."

"Hivihivi tu? Unabeba, unawasha kibiriti?"

"Hapana. Mnaandika orodha ya uteketezaji. Kila jalada, limefunguliwa lini, na nani, linahusu nini."

"Anatia saini nani?"

"Mkuu wa idara."

"Sasa mama, wewe unaniuliza nini?" Mzee alivuta shuka magotini. "Nenda. Na andika kwa herufi kubwa, yule bwana asije akasema macho yake mabovu. Mabovu ni yangu."

Kesho yake alipanda ngazi za kampuni akiwa amevaa suti ya kijivu aliyoivaa siku ya barua. Nishamaliza alimpokea kwa mikono miwili, kana kwamba alimsindikiza likizo.

"Dada! Karibu nyumbani. Yaliyopita si ndwele, au vipi?"

"Nimekuja kukata, sikuja kusalimia. Nina masharti matatu."

"Taja. Yote nishakubali."

"La kwanza, nitaandika orodha ya kila faili litakalokatwa: jina, uzito, tarehe ya kuingia, aliyeliingiza, maelezo aliyoyaandika, tarehe ya kufutwa na aliyelifuta. Wewe utatia saini. La pili, nakala ya ghala la zamani, bila kuguswa, atakabidhiwa Mkaguzi. La tatu, sikati mpaka Mkaguzi awe amepokea vyote viwili."

Hakumdanganya kwa herufi hata moja. Ndivyo kazi ile inavyopaswa kufanywa na kila mtu mwaminifu, na kama ingekuwa ikifanywa hivyo siku zote, wanyonge wengi wasingebebeshwa mizigo ya wakubwa wao.

Siku mbili alikaa mbele ya mashine, watu wakimpita kwa ncha za vidole. Historia ilijifungua mbele yake kama jeraha lililosafishwa. Alipolifikia faili lile alikuta maelezo ya Nishamaliza mwenyewe: "Imetoka kwa rafiki, itafaa." Na siku kumi na moja baadaye, kwa jina lilelile: "Usafi." Alitazama neno hilo kwa muda mrefu. Miezi kumi na minne ya maisha yake ilikuwa imeandikwa usafi.

Jumatano alimpelekea orodha. Kurasa tatu, mafaili thelathini na saba, herufi kubwa.

"Soma kwanza," alimwambia.

"Dada, nakuamini."

"Sikuombi uniamini. Nakuomba usome."

"Mafaili ni mafaili. Mimi nataka uzito uondoke." Kalamu ilikuwa tayari inakimbia: ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Nishamaliza."

Mtunza Ghala alizichukua karatasi zake bila kubadilisha uso. Huyu ndiye mtu aliyelaumu uzembe wa wengine: hakuipima maktaba aliyoiingiza ghalani, na sasa hakusoma hukumu yake mwenyewe. Saa hiyohiyo aliipeleka orodha, pamoja na nakala ya ghala la zamani ndani ya diski, ofisini kwa Mkaguzi, akapewa risiti.

Alhamisi walikutana katika chumba cha mikutano: Mwenyekiti mezani, Mkaguzi wa shirika upande wa pili, Nishamaliza kwenye kiti chenye magurudumu, na wafanyakazi wamesimama ukutani, kwa kuwa waliambiwa ni siku ya furaha. Mkaguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliweka orodha mezani.

"Nani atanifafanulia hii?"

"Aliyetia saini," alisema Mtunza Ghala.

Nishamaliza alitabasamu, akaivuta karatasi. "Faili la kwanza," alianza kwa sauti ya mwenye chumba. "Maktaba ya kusomea picha. Uzito, megabaiti mia tisa na kumi. Limeingizwa tarehe..." Hapo alisita. Akasogeza karatasi karibu na uso.

"Endelea," alisema Mkaguzi.

"Limeingizwa na... Hapa pana makosa kidogo."

"Soma kilichoandikwa."

Alisoma. Alisoma jina lake. Alisoma "Imetoka kwa rafiki, itafaa." Ukutani mtu mmoja alishusha pumzi kwa sauti.

Mwenyekiti alivua miwani. "Hii si ile ya zahanati sita?"

"Mwenyekiti, kompyuta hukosea tarehe. Mtu anaweza kuandika jina lolote."

"Haiwezi," alisema Mkaguzi, bila haraka. "Kila ingizo lina alama iliyokokotolewa kutokana na ingizo la kabla yake. Ukibadilisha moja, yote yanayofuata yanavunjika. Nimeipima nakala jana. Ni nzima. Na kompyuta iliyoingiza faili hili ndiyo hiyo iliyo mezani pako. Mtunza ghala wenu alikuwa wapi siku hiyo?"

Kisha Mjaribu, kutoka ukutani, akasema, "Alikuwa hospitali na baba yake. Aliniandikia ujumbe kutoka huko. Ninao."

Ushujaa huo ulichelewa miezi kumi na minne, wala Mtunza Ghala hakugeuka kuushukuru.

"Basi," Mwenyekiti alisema, uso umemshuka. "Tumeelewa. Barua ile itafutwa, na mwenzetu huyu ataombwa radhi kwa maandishi. Hiyo karatasi inatosha."

"Haitoshi," alisema Mtunza Ghala. Aliinuka. "Bado mistari thelathini na sita, Mwenyekiti. Barua yangu ilisomwa hadi nukta ya mwisho, mbele ya watu hawa hawa, na mimi nimesimama. Asimame, naye asome."

"Dada, tafadhali," alisema Nishamaliza.

"Simama."

Mwenyekiti alimwangalia Mkaguzi. Mkaguzi alifungua daftari lake, akachukua kalamu. Nishamaliza alisimama, kiti chake kikarudi nyuma peke yake mpaka kikagonga dirisha.

Alisoma dakika arobaini. Faili la pili, bila hati. La tatu, bila hati. Kwa kila moja Mkaguzi aliuliza, "Limetoka wapi?" na kwa kila moja jibu likawa "Sikumbuki," mara ya kwanza kwa sauti kubwa, mwishoni kwa midomo tu. Kwenye faili la kumi na nne aliomba maji. Hakuna aliyeondoka ukutani kumletea. Kwenye la ishirini na mbili ikajulikana kwamba maktaba moja inatumika hata leo katika zahanati mbili na hakuna ajuaye nani aliiandika, Mkaguzi akatoka nje kupiga simu ikatolewe, akarudi, akasema, "Endelea." Mtunza Ghala alisikiliza kila neno. Alikuwa amejiuliza mara nyingi kama siku hii ikifika atamhurumia. Sasa alipata jibu: hakumhurumia, na hakuona sababu ya kujilazimisha. Huruma inayotolewa kabla ukweli haujasomwa wote ni kitambaa cha kufunikia uchafu.

Siku hiyohiyo barua ya kumfukuza ilifutwa, na ufutaji wake ukasomwa na mwandishi wake wa kwanza mbele ya wafanyakazi wote, kisha naye akaambiwa aache kadi ya mlangoni.

Akiwa na kisanduku cha vitu vyake mikononi, Nishamaliza alimkuta Mtunza Ghala kwenye korido.

"Umeridhika sasa?"

"Wagonjwa wako ungewauliza wao kwanza."

"Mimi nakuuliza wewe. Umenimaliza mbele ya watu. Umeridhika?"

Mtunza Ghala alimtazama kuanzia viatu hadi paji la uso, bila haraka, kama anayelipima faili asilolijua.

"Hapana," alisema. "Nipishe, nina kazi."

Akampita, akaketi mbele ya mashine, akahakikisha kwamba nakala ya zamani ameikabidhi kwa Mkaguzi na kwamba risiti yake anayo. Kisha akaandika amri ya kukata. Kazi ilichukua hadi alasiri. Ghala jipya lilipokamilika, lilikuwa na uzito wa megabaiti mia mbili na kumi na mbili, na hati zake za mistari minne zilikuwa zimesimama kila moja mahali pake. Mjaribu aliombwa alichukue kwa majaribio. Lilishuka kwa sekunde arobaini.